Mkebe Usifunguliwe Mpaka Meli Ifunge Gati

Anderlecht, Brussels
24 Septemba 2023

Mpendwa Mjomba Jaffari,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba Bi Riziki, na yule paka wenu mwizi. Sisi huku wazima. Mkweo Karimu anakusalimu sana, bado yuko kwenye ghala la mboga, anatoka alfajiri na kurudi akinuka vitunguu. Baridi imeanza. Mimi tayari nimevaa soksi mbili mbili na watu wa hapa wananicheka.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu huisikii, na ujumbe ukija anayekusomea ni mkaza mjomba, naye akisoma jambo basi Barabara ya Nane yote imesoma. Usimwonyeshe mstari huo. Ukijibu, tumia anwani ya kazini niliyoandika nyuma ya bahasha, maana kisanduku cha barua cha jengo letu wamekivunja mlango.

Kazi ni ileile, jikoni kwenye kantini ya maofisi karibu na stesheni ya Gare du Midi. Tuko wanne: Madame Yolande, Mbelgiji, ndiye mkuu wa jiko, Maman Lucienne, Mkongomani wa Lubumbashi, Nyambura, Mkenya wa Nyeri, na mimi. Kila Alhamisi tunapika ile nyama yao ya ng'ombe inayochemshwa kwa bia mpaka inalegea. Mimi siionji, na Madame ananielewa. Anayeonja ni Nyambura, mimi nakata vitunguu tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ni huyuhuyu Nyambura. Samahani nakutajia mambo ya wanawake, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Ana mimba changa na hakuna kinachokaa tumboni. Harufu ya kitunguu tu inamkimbiza chooni. Daktari amempa vidonge, vinasaidia nusu. Na ameshaharibikiwa mara mbili, Mjomba. Mara zote mbili alitangaza mapema, pongezi zikamiminika, na baada ya muda mfupi zikamiminika pole. Safari hii hajamwambia mtu ila mumewe. Anaogopa hata kulitamka. Usiku analala akijiuliza, nikitapika kila kitu, mtoto atakula nini?

Nikakumbuka hadithi zako za meli. Ulisema baharia mgeni akipigwa na mawimbi chakula hali, maji hanywi, na wewe ulikuwa ukimpikia uji wa mabaharia na anasimama. Nyumbani hukuupika hata siku moja, ulisema ni wa baharini tu. Tafadhali niandikie unavyopikwa. Nitampelekea.

Mpwa wako,
Mwantumu


Ngamiani, Tanga
17 Oktoba 2023

Mpwa wangu Mwantumu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kama chapati ya jana, lakini imefika. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Paka ameiba samaki mzima mbele ya macho yangu, tena akanitazama. Mkaza mjomba wako anataka kujua umeandika nini. Nimemwambia unauliza mapishi. Amecheka mpaka akakaa chini, eti siku hizi mapishi anaulizwa mwanamume! Kamsahau aliyemlisha kwa mapishi hayo miaka yote.

Habari za huyo Nyambura zimeniuma. Mambo ya wanawake mimi siyajui wala siyaulizi. Mimi najua matumbo yaliyogoma, na tumbo ni tumbo, liwe la nahodha au la nani.

Basi sikiliza. Weka sukari guru kwenye sufuria kavu. Kama huko haipatikani, ile ya kahawia. Iache iyeyuke mpaka igeuke rangi na ianze kutoa moshi kidogo. Usiogope! Ukiogopa utapata uji wa kila mtu. Hapo mimina maji, yatapiga kelele, yaache yapige. Tia kipande cha tangawizi kilichopondwa, ganda la limau, chumvi kwa ncha ya kisu. Koroga unga wa mchele na maji baridi pembeni, umimine taratibu, uchemke mpaka uive, uwe mwepesi wa kunyweka. Mwisho twanga biskuti kavu, zile za watu maskini zisizo na krimu, unyunyize juu. Samli usitie, harufu yake itamfukuza. Pilipili manga usitie kabisa, hata akiomba.

Anywe akiwa amelala, kabla hajainua kichwa kwenye mto. Vijiko viwili vitatu, atulie, halafu tena. Tumbo lililogoma halilazimishwi, linabembelezwa. Akitapika asilie, aanze upya. Na asipike yeye, asikaribie jiko. Mume wa huyo Nyambura hana mikono? Au mikono yake ni ya kupakia mboga tu?

Dawa za daktari asiziache. Uji ni uji, daktari ni daktari.

Mwambie namwombea kama ninavyokuombea wewe, sipunguzi wala siongezi. Na midomo yangu imefungwa.

Mjomba wako,
Jaffari


Anderlecht, Brussels
12 Novemba 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima kweli safari hii. Karimu anakusalimu, amejikata kidole kidogo akimenya tangawizi lakini kimepona. Mvua huku hainyeshi, inamwagika polepole kutwa nzima.

Mjomba, uji umekaa. Sijui nikushukuruje. Siku ya kwanza ulirudi wote, ya pili ukarudi nusu. Siku ya tatu Nyambura alikunywa kikombe kizima, akalala, alipoamka ulikuwa bado umo. Akalia. Mumewe alidhani kuna baya, akaacha sufuria motoni, ikaungua. Sasa amekuwa fundi, anaamka kabla ya zamu yake, anaupika, anauleta kitandani na kijiko. Mwanamume yule hakuwahi kuchemsha hata yai. Nyambura anasema akimwona pale mlangoni na kikombe anapenda dunia yote. Anasema Mungu akuweke. Ameweza kurudisha uzito kidogo, na daktari ameridhika.

Kuna jambo lakini. Anasema ndani ya uji huo kuna kitu anakijua, ulimi wake unakikumbuka, ila hakumbuki alikionja wapi. Ulijifunza wapi kuupika? Kwa Waingereza? Kwa Wajerumani? Niliuliza jikoni kama wao wanaujua. Madame Yolande akaanza, eti kwao kila mji una mchuzi wake: Ghent wana wa kuku na krimu, Liège wana madonge ya nyama kwa sharubati ya tufaha, na uji wa aina hiyo hajausikia. Maman Lucienne akamwambia yote hayo ni maji ya kunawia mbele ya sombe ya mama yake, yaani kisamvu. Wakanuniana mpaka saa ya chakula.

Mpwa wako,
Mwantumu


Ngamiani, Tanga
1 Desemba 2023

Mwantumu mwanangu,

Marahaba. Hapa kwema. Goti langu linanisumbua, mkaza mjomba wako analisugua kwa mafuta ya karafuu na kunisimanga kwa wakati mmoja. Mwezi huu amemwosha paka kwa sabuni, vita vyake hutavijua.

Nimefurahi. Sisemi zaidi, nimefurahi. Umpe Nyambura salamu, umwambie aendelee hivyohivyo na asibebe masufuria ya Madame.

Unauliza nilijifunza wapi. Ngoja nikueleze kuhusu Hamburg. Kule wana chakula cha mabaharia wa zamani, nyama ya ng'ombe ya chumvi imepondwapondwa na viazi na bitiruti, nyekundu kama miguu ya bibi harusi, juu wameweka yai la kukaanga na pembeni samaki mbichi wa siki. Nilipowekewa mara ya kwanza nilidhani mtu ameshakula kabla yangu. Wallahi nilikula sahani mbili! Ukienda Liverpool, nyama hiyohiyo na viazi hivyohivyo vinakuwa mchuzi mzito wa karoti, na watu wa mji ule wanaitwa kwa jina la mchuzi wao. Nikagundua kila bandari ina sufuria yake ya kumrudisha mtu aliyetoka majini hana nguvu. Umeona mambo ya dunia hayo?

Haya, mengine. Abdul-Aziz, mtoto wa jirani yetu, anakuja kupanda meli Antwerp. Nimempa barua hii na mzigo wa mgonjwa wetu Nyambura, atauleta mpaka kazini kwenu. Kuna sukari guru ya kweli, tangawizi kavu, unga wa mchele aliousaga mkaza mjomba wako mwenyewe. Na kuna mkebe mdogo wa pilipili manga za Muheza. Nimeufunga kwa plasta. Mkebe huo usifunguliwe mpaka meli ifunge gati. Nyambura asiuguse, asiunuse, auweke mahali pa juu.

Mjomba wako,
Jaffari


Anderlecht, Brussels
7 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Karimu mzima, mimi mzima, mwaka umeingia salama. Hii barua uisome mkaza mjomba akiwa sokoni.

Abdul-Aziz alifika siku ya Alhamisi, siku ya nyama kwa bia, watu wamejipanga na sinia zao. Kijana yule ana sauti! Alisimama mlangoni pa jiko, mzigo kifuani, akaita kwa Kiswahili, "Nyambura yupi? Nyambura anayetapika? Mzee Jaffari kaleta uji wake, anywe, mtoto apate nguvu!" Hilo la mtoto najua hukumwambia wewe. Pengine ameona mkebe wa pilipili manga akajumlisha mwenyewe. Si mtoto wa Tanga?

Madame hakuelewa kitu. Maman Lucienne mwiko ulimponyoka. "Mungu wangu! Nyambura! Weye uko na mimba?"

Mjomba, sikukueleza kwamba Nyambura hana mume. Anasoma chuo, jikoni anafanya nusu siku, na Jumapili anaimba kwaya. Nilipokuandikia mara ya kwanza nilitafuta jina la kuweka, na jina lililokuwa karibu lilikuwa lake. Basi.

Alimtazama Abdul-Aziz, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika sinki kwa mikono miwili. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alijifuta mikono kwa aproni, akaenda, akaupokea mzigo. "Ni mimi," akasema. "Asante, kaka. Msalimie Mzee." Jioni kwenye chumba cha kubadilishia nguo akautia kwenye mkoba wangu. Nikafungua mdomo. "Wacha," akaniambia. "Utaniambia ukiwa tayari. Hii nitakubebea kidogo."

Nami nikamwachia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, nilimwachia. Niliona nikilitamka kwa mdomo wangu, huyu naye ataondoka kama wale wenzake.

Maman Lucienne si mtu mbaya. Aliwaambia wanawake wenzake wa kanisani wamwombee Nyambura. Maombi yakamfikia kiongozi wa kwaya. Nyambura ndiye aliyekuwa aongoze wimbo wa Krismasi, walikuwa wamefanya mazoezi tangu Oktoba. Akaambiwa apumzike kwanza. Hakunieleza! Alikuja kazini akakata karoti kama kawaida. Aliyenieleza ni Maman Lucienne mwenyewe, Ijumaa kabla ya sikukuu, machozi yanamtoka. "Mi nilitaka tumuombee tu, maman. Sasa bamemutosha mu chorale." Yaani wamemtoa kwenye kwaya.

Nikaweka kisu chini. Nikasema, "Maman Lucienne, si Nyambura. Ni mimi. Mimba ni yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa sauti. Nilisimama pale nikingoja tumbo liume. Halikuuma. Maman Lucienne alinitazama juu mpaka chini, akachukua koti lake. "Bon," akasema, "narudia sasa hivi." Akaondoka na aproni yake chini ya koti, karoti zimebaki mezani, Madame anamwita kwa Kifaransa na yeye hageuki. Aliporudi alikuwa anahema. "Ataimba," akasema, akachukua kisu chake.

Siku ya Krismasi mimi na Karimu tulikwenda kanisani kwao, mimi na mtandio wangu, tukakaa benchi la mwisho. Nyambura aliimba, Mjomba. Alituona. Na nikiwa nimekaa palepale mtoto akacheza, kwa mara ya kwanza. Sikutaka kuinuka hata watu walipoanza kutoka.

Basi, mwenye mimba ni mimi, tangu Septemba. Nadhani ulijua. Pilipili manga iliyofungiwa, kila mtoto wa pwani anajua inamngoja mzazi na uji wake. Nisamehe kwa kukuzunguka. Na bado naogopa.

Mwantumu


Ngamiani, Tanga
31 Januari 2024

Mwanangu Mwantumu,

Marahaba. Sisi wazima, goti limepata nafuu.

Barua yako niliisoma nikinywa chai, na kwa bahati mbaya kikombe kikapinduka. Wino wote umeenea. Kuanzia pale alipofika Abdul-Aziz mpaka karibu na jina lako sikusoma kitu. Nimeambulia tu kwamba yupo binti anaitwa Nyambura, kwamba ameimba vizuri, na kwamba kuna mtu anamshukuru. Basi na mimi namshukuru. Namshukuru mno. Nimeweka doti ya kanga kwenye bahasha hii kubwa, ni yake. Nilizunguka soko zima kutafuta maneno, nikachagua WEMA HAUOZI. Mweleze maana yake kama Nyeri hawaisemi. Mwambie Tanga ana nyumba, siku yoyote, ana mjomba.

Na huyo Maman Lucienne aliyeacha karoti mezani, mpe salamu zangu za heshima.

Uji uendelee. Mkebe usifunguliwe.

Mkaza mjomba wako haulizi kitu. Ila tangu juzi anashona vitu vidogo vidogo, na nikiingia anavisukumia chini ya mto. Sijui ni vya nani. Labda vya paka.

Jaffari


Anderlecht, Brussels
26 Mei 2024

Mjomba, Mjomba, Mjomba,

Shikamoo, na salamu leo zitakuwa fupi.

Meli imefunga gati. Ijumaa, tarehe kumi na saba, mchana, salama. Ni msichana. Mimi mzima, yeye mzima, sauti yake inashinda ya Abdul-Aziz. Tumempa jina la mama yangu, Mwanakombo. Ana masikio yako, naomba tu yawe yanasikia. Karimu alimsomea adhana huku analia, maneno yakawa yanakatika, nesi akamletea kiti.

Tulipofika nyumbani Maman Lucienne alikuwa ameshatangulia na sufuria ya sombe, na Madame Yolande ametuma ile nyama yao, kaipika bila bia kwa ajili yangu, kwa maji na siki na mkate wa tangawizi. Mjomba, ni tamu! Nyambura alikuja na kanga yake juu ya jinzi. Alimpakata Mwanakombo akamwambia, "Wewe nilikubeba kabla sijakujua." Sote tukacheka, halafu hakuna aliyecheka.

Ndipo Karimu akaupandia kiti ule mkebe. Akabandua plasta. Mtwangio hatuna, akaziponda pilipili kwa chupa. Akapika uji wako uleule, sukari akaiunguza kama ulivyoagiza, ganda la limau, safari hii na samli, mwisho pilipili manga. Mvuke ulipotoka jikoni ukafika pale nilipolala, nikaita, "Mama!" Kwa sauti, Mjomba. Karimu alikuja mbio akidhani nimeishiwa fahamu.

Huu si uji wa mabaharia. Huu ni uji wa marehemu mama yangu. Alikuwa akiupika jioni za Ramadhani, una ile ladha ya sukari iliyoungua, na sijawahi kuuonja mkononi mwa mtu mwingine. Miezi yote ile ulimi ulikuwa unakumbuka, ilikuwa imekosekana pilipili tu. Nilikunywa mabakuli mawili. Nililia, lakini kilio kizuri, nilihisi mama amekuja kuniuguza.

Nilikuuliza ulijifunza wapi ukanipeleka Hamburg. Nakuuliza tena. Na ahsante, Mjomba. Neno lenyewe dogo, sina kubwa zaidi. Bila wewe nisingekuwa nampakata huyu.

Wako,
Mama Mwanakombo


Ngamiani, Tanga
23 Juni 2024

Mwanangu Mama Mwanakombo,

Marahaba, na hongera, na hongera tena. Barua yako nimeisoma mara nyingi na chai nimeiweka mbali. Mkaza mjomba wako alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja na ndoo, walidhani moto. Zile nguo za paka zimekamilika, zinakuja kwa posta. Nilimjaribishia paka kofia, haikumtosha.

Sasa nitakujibu, maana mwenye uji ameshazaa na hakuna tena la kuficha. Mimi nilijua tangu barua ya kwanza. Uliandika kwamba Nyambura ndiye anayeonja mchuzi wa bia, halafu chini kidogo harufu ya kitunguu inamkimbiza chooni. Na mkata vitunguu ni nani? Lakini mwanamke akificha mimba yake kwa jina la mwenzake, mjomba mtu hawezi kumfunua. Nikanyamaza, nikaandika mapishi.

Mwaka uliozaliwa wewe nilikuwa kuli hapa bandarini, sijaoa, sijui hata kuwasha jiko. Mama yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki miezi michache kabla. Baba yako alikuwa safarini bara na lori. Wanawake wa mtaa walikuja mchana, Mungu awalipe, lakini asubuhi dada yangu Mwanakombo alikuwa peke yake na kichanga, hana wa kumpikia uji wa mzazi. Nikaupika mimi. Siku ya kwanza niliduwaa sukari ikaungua, na ilikuwa sukari pekee iliyokuwemo ndani. Nikamimina maji humohumo. Nikampelekea kwa aibu. Akanywa, akanitazama, akasema, "Jaffari, usibadilishe kitu." Nikaupika hivyo arobaini nzima. Baadaye akawa anaupika mwenyewe kila Ramadhani, na mimi nikila kwenu nilikuwa nanyamaza.

Mtaa ulinicheka! Waliniita Mkunga Jaffari. Makuli wenzangu walikuwa wakiniona wanashika kiuno kama wanawake wenye uchungu. Meli ikaja inatafuta msaidizi wa jikoni, bosi akauliza, nani anajua kupika? Wote wakanisukuma mbele kwa utani, "Huyu! Huyu Mkunga!" Bosi hakujua ni utani. Nikaandikwa.

Uji huo ndio uliokuwa chakula pekee nilichojua. Tulipofika kwenye bahari mbaya kule karibu na Hispania, meli ikarushwa, watu wote chini, mpishi mkuu naye chini, nikaona mijitu mizima na ndevu zao imelala inaita mama zao kwa lugha mbalimbali. Nikawapikia nilichojua. Wakasimama mmoja mmoja. Nahodha akaniita, "Hiki kinaitwaje?" Ningemwambiaje kwamba nimemnywesha uji wa mwanamke aliyejifungua? Nikasema, "Uji wa mabaharia, bwana." Likashika jina. Nikapandishwa cheo kwa uji huo. Ndiyo maana hapa nyumbani sikuupika tena, mama yako angenicheka mchana kutwa, na mtaa ungepata jina jipya la kuniita.

Kwa hiyo unaponishukuru unanipa haya. Nyumba hii ninayoandikia, mahari ya mkaza mjomba wako, kitanda ninachosugulia goti, vyote vilitoka kwenye ile sufuria niliyoiunguza kwa sababu ulizaliwa wewe. Usingekuja duniani wakati ule ningebaki kuli. Miaka yote hii nilitaka kukwambia, na mwanamume mzima anaanzaje kumshukuru mtoto? Ulipoandika kuomba uji, nilikaa barazani nikalia, mkaza mjomba wako akadhani ni vitunguu.

Karimu asiache kuunguza sukari. Nyambura ajaziwe bakuli kila akija. Na Mwanakombo akikua, mwambie manahodha na mabaharia wa mataifa mengi wamekunywa uji wa uzazi wa bibi yake, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Ahsante kwa kuzaliwa, mwanangu.

Mjomba wako,
Mkunga Jaffari